Neti za kivuli za Kariakoo: ipi ununue, na mboga zipi usizifunike

Ukiingia Kariakoo ukauliza neti ya kivuli kwa ajili ya bustani, roli ya kwanza kuteremshwa ni ya kijani. Mara nyingi ni ya asilimia 70 au 80, upana mita 4, na muuzaji anakukatia urefu unaoutaka. Ni neti ileile inayoonekana juu ya vitalu vya maua kando ya Barabara ya Bagamoyo, na kule inafanya kazi yake sawasawa, kwa sababu mimea mingi ya sebuleni asili yake ni chini ya miti mikubwa. Kwa nyanya, hoho, chainizi au mchicha haifai. Anayeinunua akidhani anakinga mboga dhidi ya joto la mabadiliko ya tabianchi analipia giza.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kwa mboga za Dar es Salaam nunua nyeusi ya asilimia 30 hadi 50 iliyofumwa kwa vifundo, au nyeupe ama ya rangi ya fedha ukiipata. Ifunge ivutike kama pazia. Mchicha uache juani. Na nyanya za Februari zisizoshika matunda usizinunulie neti yoyote, maana tatizo lake haliko mchana.

Tuanze na namba. Asilimia iliyoandikwa kwenye kibandiko ni sehemu ya mwanga inayozuiwa, si inayopita. Neti ya 80 inapitisha sehemu moja tu kati ya tano. Watu huchanganya hapa, na wauzaji wengine pia, kisha inasemwa kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa, kama vile ya 80 ni daraja la juu kuliko ya 35. Ni bidhaa mbili zenye kazi tofauti.

Mwanga ambao mmea unautumia kujitengenezea chakula hupimwa kwa moli, yaani wingi wa chembe za mwanga, kwa kila mita ya mraba kwa siku. Siku ya jua kali mwezi wa Februari, bustani ya wazi Dar es Salaam hupata karibu moli 40. Nyanya inataka 20 na zaidi ili izae vizuri, saladi inatosheka na 12 hadi 17. Piga hesabu: neti ya 35 inaacha moli 26, ya 50 inaacha 20, ya 80 inaacha 8. Nane haitoshi hata saladi. Na hiyo ni siku ya jua. Siku ya mawingu mazito ya masika, mwanga wa nje wenyewe unaweza kushuka hadi 15 au chini yake, na hapo hata ya 50 inakuwa imezidi.

Kuna hoja inayosikika sana kwamba jani la nyanya halitumii mwanga wote wa saa sita mchana, hivyo ukikata nusu hupotezi kitu. Kwa jani moja la juu ni kweli. Jua la utosini hutoa karibu maikromoli 2,000 kwa mita ya mraba kwa sekunde, na jani la nyanya hushiba kabla ya kufika huko. Lakini mmea si jani moja. Majani ya katikati na ya chini yamekingwa na ya juu, nayo yana njaa ya mwanga hata mchana wa Februari. Ukikata nusu, la juu halisikii sana, la chini linageuka njano na kuacha kufanya kazi. Ndiyo sababu kwa mimea ya matunda hatuvuki 35, na 50 tunaiachia miche na mboga za majani laini.

Namba ya kibandiko usiiamini mpaka umeipima. Simu ya kawaida inatosha, ukiweka programu ya kupima luksi, yaani ukali wa mwanga. Nenda na kipande cha neti nje, mchana usio na wingu. Laza simu chali, kioo kikiangalia juu, na ufunike sehemu ya kamera ya mbele kwa karatasi ya tishu tabaka mbili, maana kihisi cha simu nyingi hufika kikomo kwenye jua kali. Soma namba. Kisha mtu mmoja ashike neti ikiwa imenyooshwa, nusu mita juu ya simu, na usome tena bila kuondoa tishu. Tuseme nje ni 62,000 na chini ya neti ni 27,000: gawanya, unapata 0.44, yaani neti imezuia asilimia 56. Luksi zenyewe hazina maana hapa kwa sababu ya ile tishu, unachotafuta ni uwiano. Na hakikisha neti imenyooshwa kwa kiasi itakavyofungwa shambani, kwani neti ya kufumwa ikilegea matundu hujibana na kivuli huongezeka.

Sasa rangi, ambayo wengi huichagua kwa macho ya binadamu. Kijani kinapendeza kwa sababu kinafanana na shamba. Lakini neti inaonekana ya kijani kwa sababu inarudisha na kupitisha mwanga wa kijani, na inameza zaidi mwekundu na wa buluu, ambao ndio klorofili inaushika vizuri kuliko wote. Kwa hiyo kati ya mwanga mchache unaofika chini, sehemu iliyo bora imeshachukuliwa juu. Nyeusi haina upendeleo huo, inapunguza rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana. Kasoro yake ni kwamba inapata moto yenyewe, hivyo ikifungwa chini, karibu na mimea, inakuwa kama jiko lililoning'inizwa. Nyeupe na ya fedha zinarudisha joto juu na kusambaza mwanga pande nyingi ili ufike majani ya ndani. Kama tungekuwa na uhuru wa kuchagua tungechukua hizo, ila dukani haziko kila mara, na nyeupe inashika vumbi na chumvi ya upepo wa bahari. Huko Kigamboni na Mbezi Beach panga kuiosha kwa mpira wa maji.

Nyeusi ina faida nyingine. Weusi wake ni masizi yaliyochanganywa kwenye plastiki, na masizi yenyewe ni kinga dhidi ya miali ya jua inayokatakata plastiki. Neti ya kijani isiyowekewa dawa ya kuzuia miali hiyo hupauka, kisha ukiipitisha kati ya vidole inaacha unga, halafu inachanika yenyewe kwenye waya. Dukani chomoa uzi mmoja pembeni mwa roli. Uvute polepole. Uzi mzuri unarefuka kidogo kabla ya kukatika na unarudi ukiuachia mapema. Uzi wa plastiki iliyoyeyushwa tena na tena unafanya mstari mweupe na kukatika papo hapo. Angalia pia mahali nyuzi zinapokutana: kama zimefungana kwa vifundo, unaweza kuikata popote kwa mkasi na haitafumuka. Kama zimepishana tu kama mkeka, kila unapokata panaanza kuachia, na utalazimika kupinda na kushona kila ukingo.

Kisha pima uzito. Hapa ndipo roli mbili zinazofanana hutengana. Kama kibandiko kinasema gramu 80 kwa mita ya mraba, roli ya mita 4 kwa 50 ina mita za mraba 200, kwa hiyo inapaswa kuwa na kilo 16. Ikiwa mizani inasoma 11, ama urefu haukutimia ama nyuzi ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Bei hubadilika na msimu na shilingi, hivyo usilinganishe bei ya roli kwa roli: gawa bei kwa mita za mraba, kisha angalia uzito.

Tumesema neti haitibu nyanya za Februari. Hili ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Mwezi huo joto la mchana Dar es Salaam huzunguka nyuzi 32, na usiku hushuka hadi 24 au 25 tu. Nyanya inavumilia mchana wa 32 kwa shida, lakini usiku unaozidi nyuzi 21 au 22 ndio unaoiangusha. Chavua ya nyanya hutengenezwa ndani ya kichupukizi cha ua siku 8 hadi 13 kabla ua halijafunguka, na kipindi hicho ndicho dhaifu kuliko vyote. Joto likizidi, hasa usiku nao ukikosa kupoa, chavua inapungukiwa sukari, inasinyaa, na ua linafunguka likiwa zuri kwa nje lakini halina mbegu ya kiume iliyo hai. Ndiyo maana wiki ya joto kali huonekana shambani baada ya wiki mbili, wakati mkulima ameshasahau ile wiki na anaanza kulaumu mbegu au dawa.

Unaweza kuliona kwa jicho. Asubuhi, kama saa 3, chukua ua lililofunguka jana na uligonge taratibu juu ya kioo cha simu kilichozimwa. Unga hafifu wa njano ukidondoka, chavua ipo. Kisha tazama koni ya njano katikati ya ua. Kwa kawaida kijiti cha kike kimejificha ndani yake, ili chavua imwagikie humo humo. Kwenye joto kijiti hicho hurefuka na kuchomoza nje ya koni, na ncha yake inabaki juu, mbali na chavua. Ukikuta maua mengi yana ncha hiyo iliyochomoza na kioo kimebaki cheusi, umepata jibu, wala si mbolea.

Neti ya kivuli hupunguza joto la jani na la uso wa udongo vya kutosha. Joto la hewa hupungua kidogo, nyuzi 1 hadi 3, tena mchana tu. Usiku haina cha kufanya. Kama imefungwa chini na pande zote, inaweza hata kuzuia udongo usipoteze joto. Na mabadiliko ya tabianchi yanavyoendelea, usiku nao unaongezeka joto. Kwa hiyo neti haiwezi kurudisha chavua. Dawa ya nyanya za pwani ni kalenda: sia Aprili, hamisha Mei, maua yafunguke kati ya Juni na Agosti wakati usiku unashuka hadi nyuzi 18 au 19. Tanya na Tengeru 97, zilizotoka Tengeru huko Arusha mwaka 1997, bado ni mbegu za kuaminika kwa kipindi hicho. Atakayelazimika kulima Januari atafute mbegu chotara iliyoandikwa wazi kwamba inavumilia joto, na ajaribu matuta mawili kabla ya kupanda robo eka.

Kitu ambacho neti ya 35 inaifanyia nyanya ni rangi. Ile rangi nyekundu haitengenezwi vizuri tunda likizidi nyuzi 30, na tunda lililo juani hupata moto kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana nyanya za kiangazi hubaki na mabega ya njano au ya machungwa wakati chini zimeiva. Chini ya kivuli chepesi zinaiva sawasawa. Ni faida halali kwa anayeuza hotelini. Kwa anayeuza tenga sokoni Ilala, sidhani kama inarudisha gharama.

Hoho ndiyo inayotulazimisha kusifu bidhaa hii. Tunda la hoho likikaa juani linaweza kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 10 au zaidi. Ngozi upande wa jua inapauka, inakuwa laini kama karatasi iliyoloa, kisha fangasi weusi wanaingia. Wengi hudhani ni ugonjwa na kupulizia dawa. Angalia doa liko upande gani: kama karibu matunda yote yameharibika upande wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri, hilo ni jua. Neti ya 30 hadi 35 inamaliza tatizo hilo karibu lote, na hoho inaridhika na mwanga huo kuliko nyanya. Bado itapukutisha maua usiku ukiwa na joto sana, hilo liko palepale.

Mchicha ni habari nyingine kabisa. Mimea mingi tunayokula hukamata hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko moja kwa moja, na rubisko ina udhaifu: joto likipanda inazidi kukosea, inakamata oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea unapoteza nguvu kurekebisha kosa hilo. Nyanya, hoho, chainizi, spinachi, matembele na kunde zote ziko kundi hilo. Mchicha, kama mahindi na muwa, una pampu ya awali inayokusanya hewa ya ukaa na kuifikisha kwa rubisko ikiwa nyingi, hivyo makosa ni machache hata kwenye joto kali. Mashine hiyo inaendeshwa kwa mwanga mwingi. Jani la mchicha bado linafaidi mwanga pale ambapo la nyanya limeshashiba. Ukiufunika kwa neti ya 50 unapata shina refu, jani jembamba, fungu jepesi, na siku zaidi kabla ya kung'oa. Wakulima wa Bonde la Msimbazi wanaolima mchicha juani wako sahihi. Kivuli pekee unachokihitaji ni nyasi kavu juu ya tuta siku 3 au 4 za mwanzo, mbegu zikichipua, na ziondolewe mara tu vichipukizi vinapojitokeza.

Kuna wanaosema hewa ya ukaa inayoongezeka angani ni mbolea, basi joto lisitutishe. Kabla ya viwanda ilikuwa karibu sehemu 280 katika milioni, sasa imepita 420. Kundi la nyanya na kunde linapata nafuu fulani. Lakini mmea ukipata hewa hiyo kwa wingi hufunga kiasi vinyweleo vya jani, yaani stomata, hutoa mvuke kidogo, na jani lisilotoa mvuke linapata moto zaidi. Mchicha na mahindi hawapati nyongeza kubwa, kwa kuwa pampu yao ilikwisha kuwatosheleza.

Mvuke huo ndio kazi halisi ya neti. Kila joto la hewa linapopanda nyuzi moja, uwezo wa hewa kubeba mvuke hupanda kwa karibu asilimia 6. Hewa ya nyuzi 33 inabeba karibu asilimia 19 zaidi ya ile ya 30. Mmea unavutwa maji kwa nguvu zaidi, mizizi ikishindwa stomata zinafungwa, na jani linakaa saa nzima bila kula na bila kupoa. Chainizi iliyolala saa 7 mchana huku udongo una maji iko kwenye hali hiyo. Kivuli cha saa hizo kinaziacha stomata wazi, chainizi iendelee na kazi. Kwa chainizi, saladi, spinachi na giligilani, neti ya 50 kuanzia Desemba hadi Machi inastahili fedha yake yote. Saladi ina sharti moja: mbegu yake hukataa kuota joto likizidi nyuzi 30 hivi, na saa za hatari ni zile za mwanzo baada ya kupata maji. Imwagilie mara ya kwanza jioni, ili saa hizo ziangukie usiku.

Miche ndiyo inayoharibiwa zaidi na neti ya 80. Mmea una protini inayosoma mwanga, fitokromu B, ambayo huuambia kama uko wazi au umefunikwa na majirani. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba protini hiyohiyo inasoma pia joto. Kivuli kinaipunguzia nguvu, na usiku wa joto unaipunguzia nguvu vilevile, na zote mbili zinatoa amri moja: refuka. Hapa kwetu miche ya Januari chini ya neti nzito inapata amri hiyo mara mbili, mchana na usiku. Matokeo ni mche wenye shingo ndefu na laini unaolala siku ya kuhamishwa. Tumia 50 kwa siku 10 za mwanzo, kisha anza kuivuta pembeni asubuhi mpaka saa 4, halafu saa 5, ukiongeza kila siku kwa wiki nzima. Usiiondoe kwa mkupuo. Jani lililokulia kivulini ni jembamba na halijajiwekea rangi za kujikinga na mwanga uliozidi. Likitolewa ghafla linapauka ndani ya siku mbili, likiwa na madoa makavu kati ya mishipa.

Kwenye kufunga, kimo ni muhimu kuliko nguzo nzuri. Mita 3 ni kipimo chetu, chini ya 2.5 usishuke. Mirunda au bomba za chuma za inchi 2 kutoka eneo la Gerezani, kila mita 4, shimo la sentimita 60. Nguzo za kona zivutwe nje kwa waya uliofungwa kwenye kigingi. Waya wa juu uwe mzito, na neti isikazwe kama ngoma. Ukingo ukunjwe mara mbili kuzunguka waya kabla ya kushonwa kwa uzi wa nailoni, maana neti iliyotobolewa tundu moja moja huchanika kuanzia hapo siku ya upepo mkali. Pande ziache wazi.

Kivuli hakianguki mahali neti ilipo. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi, msimu unaoihitaji neti, jua la mchana liko kusini kwetu. Mwishoni mwa Desemba, neti iliyo mita 3 juu hutupa kivuli chake karibu sentimita 90 kuelekea kaskazini. Kwa hiyo refusha upande wa kusini kwa mita 1. Upande wa magharibi ni mkubwa zaidi: saa 9 alasiri kivuli kimesogea mashariki zaidi ya mita 2, na safu za mwisho ziko juani wakati wa joto kali. Ongeza mita 2 huko au teremsha pazia.

Pazia ndilo neno. Pitisha neti kwenye pete za mapazia juu ya waya mbili sambamba, kamba huku na huku, na mtu mmoja ataivuta kwa dakika chache. Februari jua liko juu kabisa saa 6 na dakika 37 mchana, si saa 6 kamili. Vuta ifunike saa 4 na nusu, fungua saa 9 na nusu. Asubuhi mmea umekula mwanga wake wote hewa ikiwa bado tulivu. Neti isiyovutika inafanya kazi nzuri kwa muda wa saa tano na kuiba mwanga kwa saa saba zilizobaki.

Baada ya kufunga, punguza maji. Bustani ya wazi Februari hutumia karibu lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Chini ya neti ya 35 anza na lita 3.5, kisha chimba kwa vidole sentimita 10: udongo ukishikana bila kutoa maji, umepatia. Anayeendelea na kipimo cha zamani anapata kinyausi kwenye miche, shina linakuwa jembamba na jeusi usawa wa udongo na mche unaanguka. Kwenye visima vyenye chumvi kidogo upunguzaji huu una faida ya ziada, kwani chumvi inayoingia ni ndogo, ila mara moja moja mwagilia kwa wingi kuisukuma chini ya mizizi.

Ukipulizia salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ivute neti pembeni kwanza. Salfa na klorini huua ile dawa inayoikinga plastiki na jua, na neti iliyonunuliwa kwa ahadi ya miaka kadhaa inaisha kabla ya wakati wake.

Dai la mwisho la dukani ni kwamba neti ya kivuli inazuia wadudu. Haizuii. Inzi mweupe anayesambaza rasta, ugonjwa wa kujikunja majani ya nyanya, ana urefu wa milimita 1 hivi, na kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, akiwa nondo anapita kwenye matundu ya neti ya 50. Anayetaka kuwazuia anunue neti ya wadudu yenye matundu 50 kwa inchi, na ajue kwamba hiyo inabana upepo, hivyo inaongeza joto ndani. Kuifunga hiyo pamoja na ya kivuli kwenye kibanda kifupi kisicho na tundu la juu ni kupika mboga zikiwa shambani.

Mvua za masika zikianza, ishushe, ioshe kwa maji matupu, ianike kivulini na uikunje mahali pasipo na panya. Aprili na Mei hakuna mboga Dar es Salaam inayoihitaji.